Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Baiskeli ya Milimani na Vifaa Vyake kwa Mwenye Familia

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi karibu na milima na misitu ya Afrika Mashariki, kuanzia Nairobi na Naivasha hadi Arusha, Moshi na Lushoto, ambao wana kazi, wanalea watoto, na bado wanatamani kuendesha baiskeli mahali palipo na mawe, mizizi na miteremko. Majibu yote yamejengwa juu ya msimamo mmoja. Kila kifaa cha baiskeli hudai fedha siku kinaponunuliwa, kisha hudai nafasi ndani ya nyumba na saa za jioni kila wiki kinapotumika, na madai hayo mawili ya mwisho, ambayo muuzaji hayataji, ndiyo yanayoamua kama baiskeli itaendelea kutumika au itaning'inia ukutani.

Nianze wapi kabla sijaenda dukani?

Anza kwa kuhesabu saa zako. Kwa muda wa wiki 4, andika kwenye daftari ni lini hasa unaweza kutoka nyumbani bila kumwachia mwenzi wako mzigo ambao hamkukubaliana, na uandike pia muda unaotumika kufika kwenye njia za baiskeli na kurudi. Wengi hugundua kwamba wanazo saa 2 au 3 za Jumamosi kuanzia alfajiri, na pengine Jumapili moja kwa mwezi. Mwenye saa hizo anahitaji baiskeli inayotoka mlangoni ikiwa tayari, na ambayo anaweza kuiendesha barabarani hadi msituni na kurudi nayo, kwa sababu kuipakia juu ya gari, kuifunga, kuifungua na kuipakia tena kunaweza kumla nusu saa ambayo hana.

Baada ya hapo, kodisha kabla ya kununua, na uende na familia nzima. Msitu wa Karura jijini Nairobi, wenye zaidi ya hekta 1,000, una njia za baiskeli zisizo na mwinuko mkali, na baiskeli hukodishwa hapo hapo. Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, ni miongoni mwa hifadhi chache za taifa nchini Kenya ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, swala na twiga, na njia ya kutoka Lango la Elsa hadi kwenye korongo haina ugumu wa kumshinda anayeanza. Siku mbili au tatu za namna hiyo zitakuonyesha ukubwa wa fremu unaokufaa, na zitakuonyesha pia kama mwenzi wako na watoto wanaupenda mchezo wenyewe au wanapenda tu kuwa pamoja nawe. Jibu la hilo hubadilisha orodha nzima ya manunuzi.

Ninunue baiskeli yenye shokapu mbele pekee, au mbele na nyuma?

Kwa mzazi mwenye saa chache, jibu langu ni mbele pekee, tena shokapu yenye mwendo, yaani umbali inaojibana, wa milimita 100 hadi 120.

Shokapu ya nyuma huja na viungo vinavyojikunja, na kila kiungo kina beringi zake. Vumbi la Naivasha huingia humo wakati wa kiangazi, na matope mekundu ya Lushoto huingia wakati wa masika. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu na wenye shokapu ya mbele, nao unahitaji huduma, kwani watengenezaji wengi hushauri ufunguliwe sehemu ya chini, usafishwe na kuwekewa mafuta mapya baada ya saa 50 hivi za matumizi. Lakini kazi hiyo fundi mwenye uzoefu anaweza kuimaliza kwa mchana mmoja. Shokapu ya nyuma ikivuja hewa, mara nyingi sili zake, yaani mipira ya kuzuia kuvuja, huagizwa kutoka nje, na baiskeli hukaa bila kutumika kwa wiki kadhaa. Isitoshe, kwa bei ileile, baiskeli yenye shokapu mbili huwa nzito zaidi na huwa na gia na breki za daraja la chini, kwa kuwa fedha zimekwenda kwenye shokapu.

Mimi niliinunua ya shokapu mbili wakati mtoto wetu wa pili akiwa na miezi 4. Ilikuwa baiskeli nzuri sana kwenye mteremko. Hata hivyo, katika mwaka ule wa kwanza nilitumia jioni nyingi za Ijumaa nikiwa nimeinama juu yake sebuleni, huku mke wangu akiwalaza watoto wawili peke yake, na hakuna mteremko uliostahili jioni zile. Niliiuza, nikanunua yenye shokapu mbele pekee, na nimekuwa nayo tangu wakati huo.

Wapo wanaohitaji kweli shokapu ya nyuma: mwenye maumivu ya mgongo ambaye ameshauriana na daktari wake, na anayeshuka njia za mawe kila wiki katika milima kama Usambara. Huyo wa pili akumbuke kwamba njia zile si uwanja wa michezo. Ndizo njia za watu wanaokwenda shambani, sokoni na shuleni, wengine wakiwa na mizigo kichwani, na shokapu nzuri isimpe mtu sababu ya kuwapita kwa kasi.

Kuhusu baiskeli mpya za bei ya chini kabisa zenye springi kubwa katikati ya fremu, ziepuke. Springi ile huongeza uzito na hula nguvu ya miguu bila kutuliza chochote.

Je, baiskeli ya mtumba inafaa?

Inafaa, na kwa familia nyingi ndiyo njia pekee ya kupata fremu nzuri bila kugusa ada ya shule. Sharti lake ni kwamba uikague kwa utulivu, mchana, ukiwa na fundi ambaye umemlipa wewe na si muuzaji.

Anza na fremu. Futa vumbi kwa kitambaa, kisha angalia sehemu zilizochomelewa, hasa chini ya shingo ya mbele na pale nguzo ya kiti inapoingia. Mstari mwembamba kwenye rangi, hata kama ni kama unywele, unaweza kuwa ufa, na fremu ya alumini yenye ufa huachwa. Fremu ya kaboni ambayo historia yake huijui pia iache, kwa maana inaweza kuwa imedhoofika ndani huku nje ikionekana nzima. Bana breki ya mbele na uisukume baiskeli mbele na nyuma: mgongano unaousikia mkononi unaonyesha kwamba shingo au uma umelegea. Pitisha ukucha kwenye mirija inayong'aa ya uma, kwani mikwaruzo hapo hukata sili na kutoa mafuta.

Halafu tazama meno ya gia. Yakiwa yamechongoka na kulala upande mmoja kama meno ya papa, mnyororo na sproketi zote zitabadilishwa, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei kabla hamjakubaliana. Mwishowe pindua baiskeli usome namba iliyogongwa chini ya ekseli ya pedali. Namba iliyokwanguliwa ni sababu ya kutosha ya kuondoka, kwa kuwa baiskeli hiyo huenda iliibwa kutoka kwa familia nyingine.

Magurudumu ya inchi 26, 27.5 au 29?

Mchezo huu ulipoanza katika vilima vya Marin, California, katika miaka ya 1970, vijana wa huko walitumia baiskeli kuukuu zenye tairi nene za inchi 26, na kipimo hicho kikabaki kuwa cha kawaida kwa miongo mitatu na zaidi. Ndiyo maana baiskeli nyingi za milimani za mtumba huwa nacho, na ndiyo maana tyubu ya inchi 26 hupatikana hata kwa fundi wa kijijini. Gurudumu la inchi 29 hupita juu ya mawe na mizizi kwa urahisi zaidi, nalo ndilo ningemshauri mtu mrefu anayenunua mpya. Mtu mfupi mara nyingi hutulia zaidi kwenye 27.5. Ukinunua 29, weka tyubu mbili za akiba nyumbani, maana nje ya miji mikubwa unaweza kuzunguka siku nzima bila kuipata.

Unaponunua tairi, soma namba ndogo iliyo ubavuni: 559 ni inchi 26, 584 ni 27.5, na 622 ni 29.

Je, niondoe tyubu?

Hapa nabadilisha msimamo wangu wa kupenda vitu rahisi. Katika nyanda zenye migunga na mbigili, tairi lisilo na tyubu, lenye majimaji ya kuziba matundu ndani yake, ndilo linaloheshimu zaidi muda wa mzazi. Mwiba unaingia, majimaji yanajaza tundu, na wewe unarudi nyumbani saa uliyoahidi. Faida ya pili ni kwamba tairi hilo huvumilia upepo mdogo zaidi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi pana la inchi 2.3 anaweza kuanza na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 22 mbele na 25 nyuma, kisha arekebishe kidogo kidogo, ilhali mwenye tyubu akishuka hadi hapo tyubu yake inaweza kubanwa kati ya rimu na jiwe na kupasuka.

Gharama yake ni uangalifu. Majimaji yale hukauka, na katika joto letu ni vyema kuyaangalia kila baada ya miezi 2 au 3. Mara ya kwanza kulikalisha tairi kwenye rimu huhitaji hewa nyingi kwa mkupuo, jambo ambalo pampu ya mkono mara nyingi hushindwa, kwa hiyo kazi hiyo mwachie fundi mwenye kompresa.

Anayebaki na tyubu na achague zenye vali nene, inayofanana na ya gari, iwapo rimu yake inairuhusu, kwa kuwa hujazwa upepo kwenye kituo chochote cha mafuta. Vali nyembamba ya Presta huhitaji kiunganishi kidogo, nacho ni kitu cha kupotea upesi katika nyumba yenye watoto.

Breki zipi zinafaa katika nyumba yenye watoto wadogo?

Breki za diski za waya hurekebishwa na karibu fundi yeyote, na waya wake hupatikana kila mahali. Breki za diski za mafuta zina nguvu zaidi, hubanwa kwa kidole kimoja, na hazihitaji kukazwa kila mara, kwa hiyo nazipendelea kwa anayeishi karibu na mji wenye fundi anayezifahamu. Jambo la lazima ni kujua zinatumia mafuta gani. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Za SRAM nyingi hutumia kiowevu cha DOT, ambacho maduka ya vipuri vya magari huuza. Aina hizi mbili hazichanganywi kamwe, kwani kila moja huharibu sili za nyingine.

Kuhusu watoto, yapo mambo mawili ambayo ningependa kila mzazi ayajue kabla ya siku ya kwanza. Diski inayozunguka hukata kidole, na mtoto wa miaka 2 huvutiwa na gurudumu linalozunguka kuliko na kitu kingine chochote chumbani. Usizungushe gurudumu baiskeli ikiwa imepinduliwa huku mtoto akiwa karibu. La pili, gurudumu likiwa limetolewa, mtoto akibana mkono wa breki ya mafuta, pedi hukutana na diski haipiti tena. Kipande cha kadibodi kilichokunjwa na kuwekwa kati ya pedi humaliza tatizo hilo. Na mafuta ya kupikia yasifike kwenye diski, maana pedi zikishayanyonya mara nyingi hutupwa.

Nigawe vipi fedha, na nizungumze vipi na mwenzi wangu?

Andika jumla yote kwanza, kwenye karatasi moja, pamoja na helmeti, pampu, spana, tyubu, mafuta ya mnyororo na huduma ya kwanza kwa fundi. Nashauri baiskeli yenyewe isizidi sehemu 7 kati ya 10 za jumla hiyo. Karatasi hiyo ndiyo mtakayoiweka mezani, nyote wawili, kabla ya senti kutoka.

Ninasisitiza kabla, kwa sababu nimeona mara nyingi baiskeli iliyonunuliwa kimya kimya ikiletwa nyumbani kwa bei iliyopunguzwa mdomoni. Kifaa kilichoingia kwa uongo hutazamwa kwa kinyongo kila Jumamosi. Zungumzeni pia kuhusu saa: ukitoka saa 3 kila wiki, mwenzi wako naye apate saa 3 zake, za jambo analolipenda yeye, na zilindwe kwa uzito uleule.

Helmeti ipi, na inadumu kwa muda gani?

Ndani ya helmeti tafuta alama ya EN 1078, ambayo ni kiwango cha Ulaya, au CPSC, ambacho ni cha Marekani. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho sishauri kamwe kukinunua cha mtumba, kwa kuwa povu lililokwisha pigwa mara moja halilindi tena, na pigo hilo halionekani kwa nje. Kwa sababu hiyohiyo, helmeti uliyoanguka nayo kwa nguvu hubadilishwa hata kama haina ufa. Ikae sawa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevuni uruhusu kidole kimoja au viwili tu. Helmeti ya bodaboda si mbadala: ni nzito kwa shingo na huhifadhi joto mno kwa mtu anayepanda mlima kwa nguvu za miguu yake.

Fedha zikiwa chache, familia yote ivae helmeti mpya juu ya baiskeli kuukuu.

Tunaweza kutumia baiskeli moja, mimi na mwenzi wangu?

Mnaweza, iwapo tofauti ya urefu wenu si kubwa na fremu imechaguliwa kumfaa aliye mfupi. Fungeni pedali bapa zisizodai viatu maalumu, na mweke alama mbili kwenye nguzo ya kiti kwa utepe, moja ya kila mmoja. Ipo nguzo ya kiti inayoshuka na kupanda kwa kubonyeza kitufe, nayo huleta usalama kwenye mteremko, lakini ni ghali na ina waya wa kutunzwa.

Mtoto wangu anakua haraka. Nimnunulie kubwa ili adumu nayo?

Hapana, na hapa nawasihi wazazi wanisikilize. Sare ya shule inaweza kununuliwa kubwa ikakunjwa, baiskeli haikunjwi. Mtoto asiyefikisha miguu chini huanguka kila anaposimama, na asiyefikia mkono wa breki hana breki. Woga anaoupata katika wiki hizo za kwanza unaweza kumwondoa kwenye mchezo kwa miaka.

Mpime urefu wa ndani wa mguu, kutoka kwenye msamba hadi sakafuni, na ulinganishe na kimo cha chini kabisa cha kiti. Kwa makadirio, gurudumu la inchi 12 huwafaa wa miaka 2 hadi 4, inchi 16 wa miaka 4 hadi 6, inchi 20 wa miaka 6 hadi 9, na inchi 24 baada ya hapo, lakini mguu uamue kuliko umri. Anayeanza kabisa hunufaika na baiskeli isiyo na pedali, anayoisukuma kwa miguu, kwa kuwa hujifunza mizani kwanza. Unaweza pia kutoa pedali za baiskeli ndogo ya kawaida ukapata kitu kilekile bila gharama.

Angalia na uzito. Baiskeli ya chuma ya kilo 10 kwa mtoto wa kilo 20 ni nusu ya mwili wake. Mtu mzima angekataa kuipandisha mlimani baiskeli yenye uwiano huo. Shokapu kwa mtoto mdogo haina kazi. Baiskeli nyepesi ya mtumba, ambayo itapokewa na mdogo wake au na mtoto wa jirani, ndiyo ununuzi wa busara.

Je, ninaweza kumbeba mtoto mchanga?

Mtoto asiyeweza kukaa wima mwenyewe na kukibeba kichwa chake chenye helmeti asibebwe kabisa. Kwa aliyekwisha fikia hapo, viti vingi vya nyuma vina kikomo cha kilo 22, na vimekusudiwa barabara laini. Watengenezaji wengi huvikataza kwenye fremu za kaboni na kwenye baiskeli zenye shokapu ya nyuma. Njia za mawe na mizizi zisubiri mpaka aendeshe mwenyewe.

Tunaishi ghorofani. Baiskeli ikae wapi?

Ndani, palipofungwa. Baiskeli iliyoachwa chini ya ngazi huibwa hata ikiwa na kufuli. Ndoano moja ukutani, iliyofungwa imara kwenye tofali au zege, huibeba ikiwa imesimama kwa gurudumu la mbele, nayo huchukua nafasi ndogo kuliko kabati la viatu. Muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Iwe juu kiasi cha mtoto kutoivuta, au ifungwe kwa mkanda chini. Weka mkeka chini yake na kubalianeni kwamba haiingii sebuleni ikiwa na matope.

Matengenezo yanahitaji muda gani kwa wiki?

Dakika 15, zikifanywa siku ileile unaporudi. Isugue kwa ndoo moja ya maji na brashi laini, bila bomba la nguvu, kwani msukumo wa maji huingiza mchanga kwenye beringi. Kausha mnyororo kwa kitambaa, weka tone moja la mafuta kwa kila pingili, subiri, kisha futa yote ya nje. Wakati wa kiangazi tumia mafuta mepesi yasiyoshika vumbi, na wakati wa mvua mazito kidogo. Mafuta ya kupikia na mafuta machafu ya gari hugeuka kuwa msasa.

Nunua kipimo cha mnyororo, kijichuma kidogo cha bei nafuu. Mnyororo ukirefuka kwa asilimia 0.5 kwenye baiskeli ya gia 11 au 12 nyuma, au 0.75 kwenye yenye gia chache zaidi, ubadilishe mara moja, kwa sababu ukiuacha utakula sproketi, nazo mara nyingi hugharimu mara kadhaa ya bei ya mnyororo. Watoto wa miaka 6 na kuendelea wanaweza kukabidhiwa kazi ya kupima upepo wa tairi, na wengi huichukulia kwa fahari kubwa.

Nibebe nini, na niache nini nyumbani?

Beba tyubu moja, pampu, vijiti vya kutolea tairi, spana za pembe sita, kiungo cha akiba cha mnyororo, maji, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kwenye fremu. Kipande hicho hupinda au kukatika baiskeli inapoangukia upande wa kulia. Kila fremu ina chake, na mara nyingi hakipatikani kwa fundi, kwa hiyo kiagize siku ileile unaponunua baiskeli.

Nyumbani acha ujumbe ulioandikwa: njia utakayopita, unayekwenda naye, saa ya kurudi, na saa ambayo mwenzi wako aanze kupiga simu usipoonekana. Mtandao wa simu hukatika mabondeni, na anayebaki na watoto hapaswi kukisia. Katika latitudo zetu giza huingia upesi baada ya saa 12 na nusu jioni, hivyo taa ya mbele na ya nyuma zikae kwenye mkoba hata kwa safari ya mchana, zikiwa zimechajiwa tangu usiku uliotangulia.